Jiko Lililomngoja Baba Mkwe

Kirumba, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo hii naiandika nikiwa nimepiga magoti kweli, na si heshima peke yake, bali meza sina, karatasi nimeilaza juu ya kigoda cha marehemu. Mguu wako unaendeleaje? Yale majani aliyokuchemshia mama mdogo yamekusaidia, au bado ukikaa unaupandisha juu ya kinu? Mihogo ya kule ziwani viboko wamewaachia hata shina la mbegu? Na Magesa mwambie dada yake anauliza kama amekwisha kuoa, au bado anachagua wasichana kama mtu anayepekua mtumba mnadani.

Mimi mwilini ni mzima. Mjukuu wako Kabula hayupo hapa. Nimeliandika mapema ili usisome kurasa zote ukilitafuta jina lake. Hajafa, Mama, kaa chini. Amechukuliwa na babu yake mzaa baba, yuko kwao Kwimba, na namna alivyochukuliwa ndiyo habari ya barua hii. Wewe umo ndani yake na mimi nimo. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nimelisikia, neno kwa neno, na guu limevunjika vilevile.

Unakumbuka tulipomzika Masanja hukuweza kusafiri kwa ajili ya mguu, ukaniandikia barua ukampa kondakta wa basi la Musoma. Niliikuta kwa jirani yangu Mama Neema niliporudi kutoka mazishini. Ninayo hapa. Uliandika kwa zile herufi zako kubwa za shule ya Jumapili: "Jiko lililompikia mumeo chakula cha mwisho usiliwashe tena. Baba yake akija ataondoa majivu kwa mkono wake na kuwasha moto mpya, ndipo nyumba itakuwa hai. Mpaka siku hiyo, kilichopikwa kwa moto wa watu kisivuke kizingiti chako. Na usimwombe. Mkwe haombwi moto. Weka mkaa mpya na kiberiti kipya kando ya jiko, ataona mwenyewe."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilikuwa mdogo baba alipofariki, lakini nakumbuka babu alivyokuja, akachuchumaa kwenye mafiga yako na moshi ukamtoa machozi, tusijue ni moshi au ni mwanawe. Moto uliposhika, wewe ukapika ugali na samaki furu, tukala sote, na siku ile ndiyo nilikusikia unacheka tena. Basi nikasema na mimi nitangoja. Jiko langu la mkaa lilikuwa pale pembeni ya mlango, na majivu yake ndani. Ni majivu ya uji mwepesi niliompikia Masanja asubuhi ile. Alikunywa vijiko viwili akasema umekosa ndimu, nikatoka kutafuta ndimu, na niliporudi hakuwa na haja nayo tena. Kifua kilimla miezi saba, Mama. Tangu walipompunguza kazi pale kiwanda cha nguo kilipouzwa, sijui kama nilimwona akivuta pumzi moja kamili.

Sasa fikiria siku arobaini bila moto, katika chumba cha bati, mwezi wa kumi, mvua bado. Haya mawe ya Mwanza mchana yanalimeza jua, jioni yanalitapika. Pande zote majirani wanakaanga mapanki, maana minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunabaki na mifupa, na harufu ya mafuta inapita juu ya ukuta inakuja kukaa chumbani kwangu kama mgeni asiyeaga. Asubuhi Kabula alikunywa uji kwa Mama Neema, huko huko kwake, hakuvuka nao kizingiti. Mchana alishinda huko. Jioni nikirudi kazini alikuwa wangu, na alikuwa na njaa.

Kilichotuokoa ni kazi yangu. Nilikwisha kukuambia kwamba napika katika nyumba ya mhandisi mmoja wa kigeni huko Pasiansi, yule wa mitambo ya barafu. Mke wake, tunayemwita Madamu, ametoka nchi ya baridi na joto la huku linamtesa. Ikifika mwezi wa tisa anasimama jikoni, anaweka mkono juu ya jiko la gesi na kusema, akiniita kwa jina langu la ubatizo, "Esta, leo hakuna moto." Mwanzoni nilifikiri ananifukuza kazi. Mpishi aambiwe hakuna moto! Kumbe maana yake ni sinia. Unachukua sinia kubwa, unapanga vitu ambavyo havijapita motoni, na watu wazima wenye vyeo wanakaa chini wanakula na kushukuru.

Siri yake ni maji na mkono, alinifundisha yeye. Matango unayaloweka kwanza kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo, kisha unayakata mshazari, membamba, yakae yakipandana. Nyanya zisiwe laini. Karoti unaikwaruza ndefu ndefu. Parachichi ni la mwisho kabisa, maana ukilikata mapema linageuka jeusi, na hata hapo unalikamulia ndimu. Vya chumvi vikae upande wake, vya sukari upande wake, visichafuane. Na katikati usiache tupu, maana jicho la mgeni huanzia katikati.

Nikaihamishia elimu hiyo Kirumba. Friji sina, nina mtungi, na tango lililolala ndani ya mtungi halina deni na friji ya mtu. Nilimpangia Kabula kwenye sahani yetu ya bati: matango mzunguko wa nje, nyanya ndani yake, karanga mbichi nilizoziloweka tangu asubuhi, kipande cha papai katikati. Akaiita "ua". Kila jioni, "Mama, leo ua la nini?" Mkate wa dukani nilimpa, maana nilijiambia umeokwa na mashine, na moto wa mashine hauna mwenyewe. Usinicheke. Mtu mwenye njaa ni mwanasheria.

Lakini mtoto ni mtoto. Ilifika siku akaliangalia ua lake akaniuliza, "Ugali lini?" Nikamjibu, "Babu akija kuwasha moto, ndipo tutakula ugali." Akauliza kesho yake, nikamjibu hivyo hivyo. Mwishowe akawa anasema yeye kabla yangu, anaimba kabisa akiwa anatafuna karoti: Babu akija, Babu akiwasha. Nililifanya liwe jambo la kungojea kwa furaha, kama Krismasi.

Wakaleta habari kwamba wanakuja Jumamosi. Baba mkwe mwenyewe, Shangazi Holo ambaye ni dada yake, na shemeji yangu Shija, mdogo wake Masanja. Nilijua wanakuja kuamua mambo mawili ambayo kwao ni moja: kama mimi bado ni mke wa ukoo, na kama Kabula abaki nami. Ng'ombe walikwisha kutolewa, unajua wewe uliyewapokea. Kwa haki yao mtoto ni wao. Lakini mzee akitaka, anamwacha kwa mama yake, na hakuna wa kumpinga. Kwa hiyo yote yalikuwa juu ya siku moja na mzee mmoja.

Madamu alinipa ruhusa ya siku nzima, akaniazima na sinia lake jeupe kubwa. Alfajiri nilikuwa sokoni. Nilichagua matango kama mtu anayechagua mchumba. Nikapata nanasi lililoiva vizuri, ndizi mbivu, papai, karoti, maparachichi mawili magumu kidogo. Nikapata kibuyu cha maziwa ya mgando, maana hao ni watu wa ng'ombe, nikasema hapa watajua nimewaheshimu. Kisha nikaona mama mmoja ana matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa, ambavyo Masanja alikuwa akitafuna huku akisifia kwao. Nikasita. Vimepita motoni. Nikajisemea moto wenyewe ulizimika msimu uliopita, nikanunua.

Nitakueleza lile sinia, Mama, kwa sababu hakuna aliyelitazama. Matango niliyapanga pembeni kama magamba ya samaki. Nyanya nilizichonga kingo zikafunguka. Karoti zikasimama pande nne. Nanasi na papai upande wa jua, karanga na matobolwa upande wa pili, na katikati parachichi na ndimu, likiwa bado kijani kabisa. Kando yake kibuyu na vikombe. Kisha nikafanya kama ulivyoagiza: kando ya jiko nikaweka mkaa mpya ndani ya kikapu kipya na kiberiti ambacho hakijafunguliwa. Majivu sikuyagusa. Nilisimama mlangoni nikatazama, nikaona fahari. Nakuambia ukweli, niliona fahari. Nilitaka waone kwamba mjini huku binti yako amejifunza kitu, na kwao amekumbuka kitu.

Walifika saa sita, jua utosini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilipiga magoti, nikasalimia kwa lugha yao, "Ng'wadila," nikiwa nimeinamisha macho, kwa sababu kwao mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye mpaka aulizwe. Mzee alikaa kwenye kigoda cha mwanawe. Alikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa, akauweka katikati ya miguu yake. Shangazi na Shija wakakaa mkekani. Nikawanawisha mikono, nikafunua sinia, nikarudi nyuma ya pazia kama desturi. Kabula alibaki nao, amejibana kwenye goti la babu yake.

Pazia lina tundu. Nilichungulia. Mzee hakulitazama sinia. Alitazama jiko. Akatazama majivu, akatazama mkaa, akatazama kiberiti. Nikasema, ameona. Mama alisema ataona mwenyewe, na ameona. Nikaanza kumngoja anyanyuke.

Hakunyanyuka. Jasho lilimtoka, akajifuta kwa kofia, akatazama jiko tena. Nikadhani anajikaza, anamkumbuka mwanawe, kama babu yetu alivyofanya siku ile. Nikamwombea. Shija alimeza mate akatazama nanasi, hakugusa. Shangazi alijipepea kwa upande wa kanga. Inzi wa kwanza akatua kwenye papai. Parachichi likaanza kubadilika rangi, nililiona kwa macho yangu, kingo kwanza. Hatimaye mzee akanyoosha mkono, akachukua tobolwa moja, hicho kitu kimoja siniani kilichokuwa kimewahi kuujua moto, akakishika tu kiganjani. Tulikaa hivyo muda ambao siwezi kuupima. Mimi nikimngoja yeye, yeye akimngoja mtu ambaye sikujua kuwa ni mimi.

Aliyesema kwanza ni Kabula. Alimvuta mzee mkono, akasema, "Babu, kula. Ndiyo chakula chetu."

Shangazi akadakia. "Chakula chenu cha leo?"

"Cha kila siku. Mama hawashi jiko."

"Tangu lini hawashi?"

"Tangu baba."

Sauti ya Shangazi ilishuka, na iliposhuka ndipo nilipoogopa. "Kaka, umesikia? Siku arobaini mtoto wa Masanja anakula majani kama mbuzi."

Mzee akalirudisha lile tobolwa kwenye sinia, mahali pale pale alipolitoa. Akasema polepole, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Nilifikiri atawasha. Nimemngoja awashe. Mke wa mtu akiwapokea wakwe zake kwa jiko lililokufa na vitu vibichi, amesema alichotaka kusema. Nyumba ya mwanangu imezimwa. Mtoto hakai penye jiko lililokufa. Anarudi penye moto."

Mama, pazia lile nililing'oa. Nilitoka nikapiga magoti mbele yake, nikamtazama usoni, nikavunja miiko yao yote na yetu yote kwa mara moja. Nikasema, "Baba, si hivyo. Nilikuwa nakungoja wewe uwashe. Kwetu ni baba wa marehemu anayewasha. Mama aliniandikia. Barua hii hapa."

Shangazi Holo alicheka, kicheko kikavu. "Mwanamume achuchumae kwenye jiko la mwanamke? Hayo mmeyaona wapi, huko kwenu ziwani?"

"Na kama ndivyo," Shija akasema kwa upole, "si ungetuambia, shemeji?"

"Haombwi," nikasema. "Mkwe haombwi moto."

Hakuna aliyecheka hapo. Mzee alinitazama sana. Ana macho yale yale ya Masanja, sikuwahi kujua kwa sababu sikuwahi kumtazama. Akaniita mama kwa lugha yao, "Mayu, mimi nimekaa hapa tangu saa sita nakungoja wewe."

"Basi nawasha sasa hivi, Baba. Nawasha sasa."

Akatikisa kichwa. "Neno limekwisha kunitoka, mbele ya mtoto, mbele ya mdogo wake marehemu. Ningekuwa peke yangu ningelimeza. Sasa nikilimeza, kesho nani atanisikiliza kwangu?"

Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa ugomvi ningegombana, unanijua mdomo wangu. Lakini utagombana vipi na mtu aliyeumia kama wewe, kwa jambo lile lile?

Nilimfunga Kabula viatu. Nikamfungia gauni lake la kanisani ndani ya kanga. Hakulia, kwa sababu alidhani anakwenda na kurudi, na mimi sikumwambia vinginevyo, Mungu anisamehe. Aliniuliza tu, "Mbona Babu hajawasha?" Nikamwambia, "Atawasha." Njia nzima hadi stendi ya basi alikaa mabegani kwa Shija, ameshika kipande cha tango.

Pale stendi, mzee na Shangazi walipokwisha kupanda, Shija alirudi chini akanivuta pembeni. Ndipo akaniambia habari ya ule mfuko. Ulikuwa unga wa mtama, mtama wa shamba alilolilima Masanja mwaka ule aliokwenda kwao mara ya mwisho akiwa bado na nguvu. Kwao, arobaini ikitimia, mjane huwasha jiko lake mwenyewe, hupika unga wa jasho la marehemu, wakwe hula, na mkubwa husema, "Nyumba ipo." Wakishasema hivyo mtoto habanduki kwa mama yake. "Baba alikuja kukuachia Kabula," Shija akasema. "Njiani alitukataza hata kubishana. Alisema huyu mwanamke alimwuguza mwanangu, mtoto ni wake."

Niliporudi chumbani niliukuta mfuko umeegemea kigoda. Sijui aliusahau au aliuacha. Nimeufikiria upande huu na upande huu, na sijui.

Sinia nililipeleka kwa watoto wa Mama Neema, wakalisafisha kwa muda mfupi kuliko niliotumia kukata tango moja. Jumatatu nikalirudisha Pasiansi limeoshwa. Madamu akauliza kama wageni walifurahi. Nikamwambia, "Hakikubaki kitu." Na kweli hakikubaki.

Leo ni wiki ya pili. Jioni sipangi ua lolote. Nakula ndizi nikiwa nimesimama, basi.

Nisikufiche, Mama, nilikukasirikia. Siku tatu nilikuwa nikikusemesha peke yangu, mpaka Mama Neema akaja kuona kama nina homa. Nilisema, nani alikuambia kwamba mila yetu ya Majita inavuka Mto Simiyu bila ruhusa? Nilisema, uliniozesha kwa watu wa ng'ombe, hukuuliza wanawashaje moto wao. Kisha nikakumbuka kwamba uliyemwozesha ni mtu mzima aliyesema namtaka huyu huyu, na kwamba mimi niliishi na Masanja miaka sita sikuwahi kumwuliza, "Kwenu mtu akifa, jiko anawasha nani?" Nani anauliza hivyo wakati mume anapumua? Kwa hiyo hasira imebaki haina pa kukaa. Inazunguka tu humu ndani.

Ninachokuomba ni kimoja. Mjane haendi peke yake kwa wakwe kudai mtoto, wataona ni utovu wa adabu juu ya utovu wa adabu. Lazima aende mkubwa wa upande wangu, aseme kwa kinywa chake: ni mimi niliyemwambia asiwashe. Mkubwa huyo ni wewe. Najua mguu. Usiniandikie tena la kufanya, Mama, njoo. Magesa akushikilie mpaka Musoma, mimi nitakupokea stendi hapa, na Kwimba tutakwenda pamoja hata kama nitakubeba mgongoni.

Nisalimie mama mdogo, mwenye mkono wa dawa. Msalimie Magesa, kaka yangu mchaguzi. Msalimie baba mkubwa Mafuru, na umwombe akusindikize kwa sala yake ile fupi, ndefu zinanichosha. Bibi Nyangeta, yule aliyenikata kitovu, mwambie mjukuu wake ameonja ya dunia na hayana chumvi. Wote wa nyumba zile za juu na za ziwani, kila mmoja apokee salamu kwa jina lake.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii hapo juu, nimeifungua tena. Shija amepita sasa hivi, amekuja kuchukua samaki ambao watu wa kwao wamemwagiza huko soko la Mwaloni. Amekaa muda wa kunywa maji tu. Nimemwuliza habari za Kabula, akawa anatazama chini.

Anasema walipofika Kwimba mtoto alikataa ugali. Shangazi akapika kwa maziwa, akakataa. Wakapika na mlenda, akakataa. Siku ya kwanza, siku ya pili, anakunywa maziwa tu. Wakamwuliza anataka nini, akasema, "Mama alisema tutakula ugali Babu akiwasha." Shangazi akamwonyesha moto, si huu unawaka? Akasema, "Huu si wa Babu." Siku ya tatu, mchana, mzee alitoka kwenye kivuli chake akaingia jikoni kwa wanawake. Anasema Shija, wanawake walitoka nje wote kwa haya, wakasimama uani. Mzee akazoa majivu kwa mikono yake, akayatoa nje. Akachuchumaa, akapuliza, hajui kuwasha, moshi ukamjaa, akakohoa na kutokwa machozi mpaka moto ukashika. Kabula akala ugali wa mkono mzima, akalala. Shija anasema siku hiyo ndiyo ya kwanza hakuniulizia.

Nimemwuliza kama mzee ameagiza neno kwangu. Hakuagiza.

Basi ndivyo ilivyo, Mama. Baba wa Masanja ameondoa majivu kwa mkono wake na kuwasha moto mpya, kama ulivyosema, hakuombwa na mtu mzima yeyote. Amewasha huko. Huku kwangu majivu bado yapo, mfuko wa unga upo, kiberiti kipo hapa mkononi, sijakifungua. Ukija, kabla hujakaa, kabla hata hujanipa pole, nijibu hili moja: moto ule unahesabika?

Ni mimi mwanao,
Nyabwire